Kujenga sinthesaiza ya PLL kwa transmita ya FM: kitanzi kisichosikia muziki

Masafa ya transmita ya FM yanatakiwa yatulie, na papo hapo yayumbe. Wastani wake, kwa kikomo kinachotumika sana, usipotee zaidi ya 2 kHz kutoka masafa uliyopewa. Lakini muziki ukiingia, masafa hayohayo yanasogezwa hadi 75 kHz kila upande, maelfu ya mara kwa sekunde. PLL, yaani kitanzi cha kufunga fazi, ni saketi inayolinganisha oskileta na rejeo (masafa tulivu ya kristali) na kupinga kila msogeo wa masafa. Ukiijenga kama ya redio ya kupokea, itapinga na muziki. Karibu kila kasoro ya eksaita (sehemu ya transmita inayotengeneza mawimbi kabla ya amplifaya ya nguvu) za kujengwa kwa mkono inaanzia hapo.

Mwongozo huu ni wa eksaita ya milliwati 10 hivi kwenye bendi ya 87.5 hadi 108 MHz, inayotumia chipu ya TSA5511. Chipu hiyo haitengenezwi tena, lakini bado inauzwa kama mabaki ya ghala, na tyuna nyingi za televisheni za zamani zinayo. Tangu matangazo ya analojia yazimwe, tyuna hizo zimejaa kwa mafundi. Anayesoma awe anajua kusolda, kutumia mita na kusoma mchoro. Kazi yote inafanyika kwenye mzigo bandia wa 50 Ω. Antena inasubiri kibali cha masafa kutoka kwa mamlaka ya nchi yako: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda. Kumbuka pia kwamba masafa ya urubani yanaanza palepale 108 MHz inapoishia.

Namba za kuanzia

Hatua za masafa ni 100 kHz. Mchepuko, yaani umbali wa juu ambao sauti inayasogeza masafa, ni 75 kHz. Sauti ya mono ni 50 Hz hadi 15 kHz. Mawimbi mchanganyiko ya stirio yanafika 53 kHz, na RDS, data ya jina la kituo, inakaa 57 kHz. Preemfasisi, yaani kuzipandisha sauti za juu kabla ya kutangaza, kwetu ni mikrosekunde 50. Saketi nyingi zilizochorwa Marekani zina 75, kwa hiyo ukinakili mchoro wa huko badilisha kapasita ya sehemu hiyo, la sivyo redio za hapa zitatoa sauti kali ya kuchoma masikio.

Mfano wetu ni 100.0 MHz, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi.

Kwanza elewa kwa nini kitanzi kiwe cha polepole

Chukua besi ya 50 Hz iliyojaa. Gawanya mchepuko wa 75 kHz kwa 50 Hz: fazi ya oskileta (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake) inasogea radiani 1,500 kila upande. Fazi hiyo inapita kwenye kigawanyi kabla ya kufika kwenye kigunduzi cha fazi, na kigawanyi kinaipunguza kwa kadiri ileile kinavyogawanya masafa. Ukigawanya kwa 10, kama ilivyo kwenye sinthesaiza za kisasa zenye rejeo la 10 MHz, kigunduzi kinaletewa radiani 150. Kigunduzi cha kawaida cha fazi na masafa kinavumilia radiani 6.28 tu. Kikipita hapo kinapoteza mzunguko mzima, kitanzi kinafunguka, na msikilizaji anasikia mpasuko kila ngoma inapopigwa. Kigunduzi cha aina ya XOR ni dhaifu zaidi, mwisho wake ni radiani 1.57.

Kwenye TSA5511 yenye kristali ya 3.2 MHz, kristali inagawanywa kwa 512, kwa hiyo kigunduzi kinafanya kazi kwenye 6.25 kHz. Masafa ya 100 MHz yanagawanywa jumla kwa 16,000. Zile radiani 1,500 zinabaki 0.094. Ndiyo sababu chipu hii ya televisheni inaifaa kazi ya FM kuliko chipu nyingi mpya zenye sifa ya kelele ndogo. Rejeo la chini, ambalo kwenye redio ya kupokea ni udhaifu, hapa linakusaidia.

Jambo la pili ni kasi. Kitanzi kinapinga kila kinachotokea chini ya kipimo chake cha kasi, tukiite fc. Kwa mono, fc ya 5 Hz inatosha: kwenye 50 Hz sauti inapungua sehemu ndogo mno ya desibeli. Kwa stirio haitoshi, na sababu si upungufu wa besi. Kitanzi kinageuza fazi ya besi ya kushoto-jumlisha-kulia, wakati ile ya kushoto-toa-kulia, iliyobebwa juu kati ya 23 na 53 kHz, haiguswi. Redio ikizijumlisha, hazilingani. Kwa fc ya 5 Hz utengano wa stirio kwenye 50 Hz unashuka hadi desibeli 26. Kwa fc ya 2.2 Hz unapata kama 33.

Kitanzi cha polepole kina gharama yake: hakisafishi chochote. Mguno wa umeme wa 50 Hz, mtikisiko wa koili, kelele ya regyuleta, vyote viko juu ya fc, na kitanzi kinaviacha vipite kama kinavyouacha muziki. Kwa hiyo oskileta iwe safi yenyewe kabla hujafikiria PLL.

Chipu na kristali

Ndani ya TSA5511 kuna prisikela (kigawanyi cha mwanzo kisichobadilika) ya kugawa kwa 8, halafu kigawanyi cha biti 15 unachokipangia wewe. Kwa kristali ya 3.2 MHz hatua ni 50 kHz. Namba ya kuandika kwenye chipu ni masafa yaliyogawanywa kwa 50 kHz: 100.0 MHz ni 2000, 98.1 MHz ni 1962.

Kristali iliyo ndani ya tyuna ya televisheni ni ya 4 MHz. Usiitumie ukidhani utarekebisha kwenye programu. Inatoa hatua ya 62.5 kHz, na hatua hizo zinakutana na ngazi za 100 kHz kila baada ya 500 kHz tu. Utapata 98.0 na 98.5 kamili, lakini 98.1 hutaipata kamwe.

Angalia pia maandishi ya juu ya chipu yenyewe. SP5055, kwa mfano, inafanana nayo sana kwa amri, lakini prisikela yake inagawa kwa 16 na ilikusudiwa masafa ya setilaiti.

Mfululizo na kristali weka trima ya 5 hadi 30 pF. Kristali ya kawaida ina kosa la hadi sehemu 20 kwa milioni, na kwenye 100 MHz hiyo ni 2 kHz nzima, yaani umekula posho yako yote siku ya kwanza. Trima inakurudisha ndani ya mia chache za hezi.

Ingizo la masafa ya juu lipewe kama −10 dBm, yaani milivolti 70 kwenye 50 Ω, kupitia kapasita ya 1 nF. Ingizo la pili lipeleke kwenye ardhi kwa 1 nF nyingine, miguu mifupi. Ukipungukiwa na nguvu hapa, prisikela inaanza kutetema yenyewe na kuhesabu masafa yasiyokuwepo. Nguvu ikizidi, au hamoniki ya pili ikiwa kubwa, inaweza kuhesabu wimbi moja mara mbili.

Oskileta

Transista ni J310, mtindo wa Hartley, ikitetema moja kwa moja kwenye masafa ya mwisho. Koili ni mizunguko 5 ya waya wa shaba wa mm 1, uliopakwa fedha ukiupata, kipenyo cha ndani mm 6, ukiinyoosha ifike urefu wa mm 10. Hiyo ni kama 92 nH, na kwenye 100 MHz inahitaji jumla ya pikofaradi 27.5. Upande wa chini wa koili unakaa kwenye ardhi. Sosi ya J310 inaungwa kwenye mzunguko wa kwanza na robo kutoka chini. Geti inafikiwa kupitia 10 pF, na rezista ya 100 kΩ kutoka geti hadi ardhi. Kwenye dreni weka 47 Ω, na matokeo yachukuliwe hapo.

Varikapu (dayodi ambayo kapasitansi yake inabadilika kwa volti) ya kuvuta masafa ni BB204, dayodi mbili zenye kathodi ya pamoja. Kila moja ina karibu 40 pF kwenye volti 3 na karibu 15 pF kwenye volti 30. Anodi moja inakwenda juu ya koili, nyingine ardhini, na volti ya kuvuta inaingia kathodi ya kati kupitia 22 kΩ iliyo jirani kabisa na dayodi. Mbili zikiwa mfululizo zinakupa mabadiliko ya pikofaradi 12.5, na hayo ndiyo yanayohitajika kuvuka bendi nzima. Pikofaradi zilizobaki ni za trima ya hewa au ya seramiki bora, transista na mlango wa sauti.

Uvutaji ni wastani wa 0.8 MHz kwa volti, lakini hausambai sawa. Chini kwenye volti 3 au 4 dayodi ni nyepesi kuvutika, na namba hiyo inaweza kuongezeka maradufu au zaidi. Kama kituo chako kiko 89 MHz na umeiacha volti ya kuvuta ikae kwenye 3, kitanzi kitakuwa cha kasi kuliko ulichokokotoa na besi italiwa. Geuza trima mpaka, kwenye masafa yako, volti isome kati ya 10 na 15.

Kama unajenga kwa ajili ya kituo kimoja kinachojulikana, usivuke bendi nzima. Weka 12 pF mfululizo kati ya koili na anodi ya juu ya BB204, na 100 kΩ kutoka anodi hiyo hadi ardhi ili ipate njia ya umeme tulivu. Uvutaji unashuka hadi 0.2 MHz kwa volti, unabaki na dirisha la MHz 5 hivi, na mguno wote unaoingia kwenye laini ya kuvuta unapungua mara nne. Sisi tunaona hii ndiyo njia ya kufuata kwa stesheni, na bendi nzima ibaki kwa vifaa vya karakana.

Baada ya oskileta weka hatua mbili za kutenganisha: J310 nyingine kama mfuasi wa sosi, halafu BFR91A au inayofanana nayo. Tawi la kwenda PLL litoke baada ya mfuasi wa kwanza. Bila utenganisho huu, kuunga na kufungua amplifaya ya nguvu kunasogeza oskileta, na PLL ya polepole inachukua nusu sekunde au zaidi kuirudisha.

Oskileta nzima ikae kwenye kisanduku cha bati kilichosoldwa pembe zote, waya ziingie kwa kapasita za kupenya ukutani. Koili ifungwe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa baada ya marekebisho yote. Gundi ya moto haifai, inapoteza nguvu za masafa ya juu na inalainika kisanduku kikipata joto. Feni ya kupoza isifungwe kwenye bati hilo. Mtetemo wake utausikia kwenye redio kama mvumo usioisha.

Mlango wa sauti

Sauti ipewe varikapu yake peke yake. Ukiiingiza kwenye laini ya kuvuta, mchepuko utabadilika kila volti ya PLL inapobadilika, na rezista za kichujio zitaibana.

Tumia dayodi moja ya varikapu ya aina ileile, ipate volti 9 tulivu kupitia 100 kΩ, na iungwe juu ya koili kwa 5.6 pF. Kwa vipimo hivi sauti ya kilele cha volti 1 hivi inatoa 75 kHz. Sauti iingie kupitia 10 µF na rezista ya 10 kΩ. Kutoka kwenye makutano ya dayodi hadi ardhi usiweke kapasita inayozidi 100 pF. Wengi huweka 1 nF hapo kwa mazoea ya kuchuja masafa ya juu, na pamoja na ile 10 kΩ inaanza kukata kuanzia 16 kHz. Mono inapita vizuri, mtu anaridhika, kisha anafunga stirio na pande mbili zinachanganyika.

Mbele ya mlango huu, kwa mono, panga hivi: kichujio cha kukata chini ya 30 Hz, preemfasisi, limita (saketi ya kuzuia vilele vya sauti), halafu kichujio cha 15 kHz. Limita iwe baada ya preemfasisi, kwa sababu mikrosekunde 50 zinaongeza desibeli 13.7 kwenye 15 kHz, na sauti iliyokuwa salama inavuka 75 kHz kwa herufi "s" tu. Kichujio cha 30 Hz nacho kina kazi: mtu akigonga maikrofoni, msukumo wa polepole unaingia palepale kitanzi kinapofanya kazi, na masafa yanayumba kwa sekunde nzima. Ukitumia enkoda ya stirio, preemfasisi iko ndani yake, usiiweke mara mbili.

Kichujio cha kitanzi

Vitu vinne vinaingia kwenye hesabu: mkondo wa pampu ya chaji (sehemu ya chipu inayosukuma mkondo kwenye kichujio), uvutaji wa oskileta, mgawanyo wa jumla, na fc unayotaka. Pampu ya TSA5511 ina mikondo miwili, 50 µA na 220 µA. Tunatangaza kwa 50.

Kwanza tafuta K: mkondo mara uvutaji, gawanya kwa mgawanyo.

K = 0.00005 × 800,000 ÷ 16,000 = 0.0025

Halafu rezista: R = 6.28 × fc ÷ K. Kwa 5 Hz, R = 31.4 ÷ 0.0025 = 12,560. Weka 12 kΩ, na fc inakuwa 4.8 Hz.

Kapasita iliyo mfululizo na rezista ichaguliwe ili masafa yake ya kona, 1 ÷ (6.28 × R × C), yawe theluthi moja ya fc au chini kidogo. Kwa 12 kΩ na 10 µF kona ni 1.33 Hz. Kitanzi kinatulia bila kuyumbayumba.

Kwa eksaita ya kituo kimoja, yenye 12 pF na uvutaji wa 0.2 MHz, K ni 0.000625. Weka 22 kΩ na 10 µF: fc ni 2.2 Hz, kona ni 0.72 Hz. Hiyo ndiyo ya stirio.

Kwenye saketi yenyewe, R na C mfululizo zinaungwa kati ya pini ya pampu na kolekta ya transista ya nje, BC547B au yenye uvumilivu wa volti zaidi ya 33, ambayo mguu wake wa besi (base) unaendeshwa na chipu. Kolekta inavutwa juu kwa 22 kΩ kwenda kwenye laini ya 33 V. Kutoka kolekta, kabla ya kufika kwenye kisanduku cha oskileta, weka 10 kΩ na 47 nF kwenda ardhini.

Hiyo 47 nF si pambo. Rejeo letu ni 6.25 kHz, na hilo ni katikati ya sauti inayosikika. Uvutaji ukiwa 0.8 MHz kwa volti, mikrovolti 30 za rejeo kwenye laini ya kuvuta zinaleta mluzi wa desibeli 70 chini ya mchepuko kamili. Zaidi ya hapo utausikia kwenye ukimya kati ya maneno. Hamoniki yake ya tatu ni 18.75 kHz, na pailoti ya stirio (toni inayoiambia redio kuwa kuna stirio) ni 19 kHz. Zikikutana, tofauti yake ni 250 Hz. Rezista hiyo na kapasita hiyo zinapunguza rejeo kwa desibeli 25 bila kuusumbua ukokotoaji wa 5 Hz.

Kapasita ya 10 µF iwe ya filamu, MKT mbili za 4.7 µF sambamba zinakubalika. Ya elektroliti inavuja. Ikivuja 1 µA tu, pampu ya 50 µA inalazimika kujazia asilimia 2 ya kila mzunguko, na kila kujazia ni pigo moja la 6.25 kHz.

Usinakili kichujio cha tyuna ya televisheni. Chukua 22 kΩ na 180 nF kama mfano: kwa uvutaji wetu wa 0.8 MHz kitanzi hicho kinavuma karibu na 19 Hz na hakina breki. Kila pigo la ngoma linaacha mkia, na besi ya 50 Hz inapanda badala ya kubaki sawa.

Umeme

Hesabu moja inatosha kukushawishi. Mikrovolti 10 za mguno kwenye laini ya kuvuta, kwa 0.8 MHz, ni hezi 8: desibeli 79 chini ya 75 kHz, haisikiki. Mikrovolti 100 ni desibeli 59, na hiyo utaisikia kwenye redio nzuri.

Laini ya 33 V itoke kwenye LM317, isitoke kwenye zena peke yake, maana zena ina kelele. Vibodi vya bei nafuu vya kupandisha volti kutoka 12 hadi 33 vifungwe mbali kabisa au visitumike. Oskileta ipate volti 9 kutoka regyuleta yake, ikifuatiwa na transista moja iliyowekwa kama kizidisha kapasita: BC337, 1 kΩ na 220 µF kwenye besi. Kama oskileta yako inasogea 100 kHz volti yake ya chakula ikibadilika volti moja, basi milivolti 1 ya mguno ni hezi 100, desibeli 57 tu. Regyuleta ya 78L09 pekee haifiki unapotaka. Kizidisha kapasita kinakula kama volti 0.7, kwa hiyo anza na volti 10 ukitaka 9 kamili.

Ardhi ya sauti, ya PLL na ya oskileta zikutane sehemu moja, kwenye bati la kisanduku.

Programu

Kidhibiti chochote chenye I²C (njia ya waya mbili ya kuzungumza na chipu) kinafaa, hata Arduino Nano. Anwani ya chipu ni C2 kwa mtindo wa biti 8. Maktaba ya Wire ya Arduino inataka biti 7, kwa hiyo andika 0x61. Kosa hili linapoteza jioni nzima za watu.

Kwa 100.0 MHz tuma baiti nne: 07, D0, CE, 00. Mbili za kwanza ni 2000 kwa heksadesimali, ya tatu ni amri, ya nne ni milango usiyoitumia. Kwa 98.1 MHz mbili za kwanza ni 07 na AA. CE inaweka pampu kwenye 220 µA, 8E inaiweka kwenye 50 µA.

Utaratibu wa kuwasha uwe huu. Zima sauti na amplifaya ya nguvu. Tuma kwa CE. Soma baiti ya hali kila milisekunde 100 na uangalie biti 6, bendera ya kufunga (inayosema kitanzi kimeshika masafa). Ikisoma 1 mara kumi mfululizo, tuma tena kwa 8E, subiri sekunde 2, washa amplifaya, kisha sauti. Ukiruka CE, mkondo wa 50 µA kwenye 10 µF unapandisha volti 5 tu kwa sekunde hata ungekuwa unasukuma muda wote. Kufika volti 15 ni sekunde 3 hadi 6, na wengi wamebadilisha chipu nzima nzima wakidhani imekufa.

Sauti ikishawaka, usiiamini bendera ya kufunga kwa usomaji mmoja. Besi ya 50 Hz inasogeza fazi mikrosekunde 2.4 kila upande kwenye kigunduzi, na bendera inaweza kupepesa bila tatizo lolote. Ukiiacha bendera izime amplifaya moja kwa moja, kituo kitakatika kila wimbo wenye besi. Hesabu sekunde 3 au zaidi za kutofunga ndipo uzime.

Biti 7 ya baiti hiyohiyo inakuwa 1 chipu ikipoteza umeme. Hapa kwetu, jenereta inapopokea zamu, volti 5 inaweza kuzama kidogo: kidhibiti kinanusurika, chipu inasahau masafa. Kwa hiyo soma kila sekunde 10, na ukiona 1 rudia utaratibu wote kuanzia kuzima amplifaya. Kati ya usomaji, kidhibiti kilale na laini za I²C zitulie, maana kila msogeo wa laini hizo unasikika kama kidole kinachogonga spika. Weka 100 Ω kwenye SDA na SCL, waya mbili za I²C, pale zinapoingia kisanduku.

Kuwasha mara ya kwanza

Anza na oskileta bila PLL. Lisha laini ya kuvuta kutoka potenshiomita, pima masafa kwenye volti 3, 8, 15 na 25, na uandike. Hapo ndipo unapopata uvutaji halisi wa koili yako, na hapo ndipo unarudia hesabu ya K. Sikiliza pia kwenye redio: bila sauti yoyote iwe kimya. Kama kuna mguno sasa, utakuwepo na PLL ikiwepo.

Kisha unga PLL na utazame volti ya kuvuta kwa mita yenye ukinzani mkubwa, ukipima kwenye kolekta. Ikifunga, sogeza kidole karibu na koili bila kugusa: volti inasogea, masafa yanarudi yalipokuwa. Subiri dakika 20 kisanduku kipate joto, halafu geuza trima ya kristali ukisoma kaunta kwenye 100 MHz.

Mchepuko upimwe kwa kutoweka kwa kibebaji, yaani wimbi la katikati linalobeba sauti. Pita preemfasisi na kichujio cha 15 kHz, ingiza sauti safi ya 13.587 kHz, na utazame wigo kwa RTL-SDR (redio ya USB ya kompyuta). Ukiongeza sauti taratibu, kibebaji cha katikati kinatoweka mara ya kwanza kwenye 32.7 kHz, kinarudi, kisha kinatoweka mara ya pili kwenye 75 kHz kamili. Weka alama hapo. Ukihamisha masafa ya eksaita ya bendi nzima, pima upya: kwa sauti ileile, mchepuko unakua kwa kipeo cha tatu cha masafa, na kutoka 87.5 hadi 108 MHz unakaribia kuongezeka maradufu.

Kasoro na mahali pa kuanzia

Volti ya kuvuta imeganda kwenye 33, au karibu na sifuri: oskileta haifiki masafa hayo, au prisikela haioni kitu. Pima oskileta kwanza, kisha nguvu ya −10 dBm. Programu iwe ya mwisho kushukiwa.

Inafunga mahali pa ajabu: hamoniki ya pili inahesabiwa. Punguza nguvu inayoingia kwenye chipu.

Mluzi mwembamba usiokoma: 6.25 kHz. Kapasita inavuja, au solda ina mabaki ya flaksi kati ya pini ya pampu na ardhi. Safisha kwa spiriti kabla ya kubadilisha kitu. Maeneo ya pwani, yenye unyevu na chumvi, paka vanishi juu ya eneo hilo likishakauka.

Besi inapasuka lakini sauti za juu ni safi: kitanzi ni cha kasi mno. Pima volti ya kuvuta. Ikiwa chini ya 5, jibu ni trima ya oskileta, rezista haina kosa.

Masafa yanaruka amplifaya inapowashwa: nguvu inarudi kwenye kisanduku kupitia waya za umeme au za sauti. Shanga za feriti na kapasita za kupenya, kisha utenganisho zaidi.

Stirio inawaka taa lakini pande mbili zinachanganyika kwenye sauti nzito tu: fc iko juu. Kwenye sauti zote: angalia kapasita ya mlango wa sauti na ile 10 kΩ.